Kidole Kidogo cha Askari wa Simenti

Simenti mbichi ina harufu ambayo siwezi kuivumilia kwa muda mrefu. Watu wengi huipenda. Wanasema ni harufu ya nyumba mpya, ya mtu aliyefanikiwa. Mimi ikinifikia narudi kuwa mtoto wa miguu mitupu, nimeshika pindo la kitambaa cha Tate, na mbele yetu amesimama mtu wa kijivu ambaye bado hajakauka vizuri.

Harufu hiyo imerudi Bunia, pale njia kubwa zinapokutana. Walizungusha mabati, na nyuma ya mabati mafundi wakaanza kujenga. Vijana wa pikipiki wanaongoja abiria hapo walisema ni sanamu ya askari, kwa ajili ya watoto wa Ituri waliokufa katika vita hivi vyetu, ambavyo hata leo havijaamua kama vimekwisha. Nilipita hapo nikitoka kununua makaa, nikasimama kama mtu aliyeitwa jina lake.

"Muzee, unaenda?" kijana mmoja aliniuliza, akinipigia kiti cha pikipiki kwa kiganja.

Nikamwambia siendi. Nilikuwa nimeshafika.

Wenzangu wa rika langu waliokulia mji huu watakumbuka kwamba palikuwa na askari mwingine kabla ya huyu. Alisimama juu ya jiwe, bunduki begani, akitazama kaskazini kwenye njia waliyopita vijana wetu walipokwenda kwa mguu kupigana Abisinia. Wengi wenu mlicheza chini yake. Mimi nilikuwa na jamaa yangu hapo, au ndivyo nilivyoamini, na imani hiyo nilimpa mtu mwingine, kisha nikamnyang'anya.

Tate ni neno tunalomwitia nyanya na babu pia. Kwetu ukisema bibi, watu wanafikiri unamsema mke. Tate wangu alikuwa mama wa baba yangu. Aliishi Bule, juu kwenye vilima vya Djugu, ambako asubuhi moshi wa jikoni na ukungu huwezi kuvitenganisha. Kila baada ya mavuno alishuka Bunia juu ya kamyo ya wafanyabiashara, amekalia gunia la maharagwe yake mwenyewe kama shefu wa kijiji kwenye kiti, na alikaa kwetu siku kadhaa kabla ya kupanda tena. Alinuka maziwa na moshi. Mikono yake ilikuwa migumu, na aliponipapasa kichwa nilisikia nywele zikikwaruzika.

Alizaa watoto wa kiume wawili. Baba yangu alikuwa mdogo. Mkubwa aliitwa Ngabu, Baba Mkubwa wangu, ambaye sikumwona kamwe. Alichukuliwa askari kabla sijazaliwa. Wenzake waliporudi kutoka vitani, na nishani zao na kikohozi vifuani, yeye hakuwamo. Hakuna aliyesema amekufa. Hakuna aliyesema yuko hai. Walisema tu kwamba waligawanywa njiani, wengine wakapelekwa mbele zaidi, kwenye nchi za mchanga.

Kwetu, mtu akifia mbali na mwili usirudi, huzikwa shina la mgomba mahali pake. Linavikwa nguo yake, linalazwa kaburini, watu wanalia na kunyoa nywele, na marehemu anapata mahali pa kukaa. Baba alimwomba Tate mara nyingi wamfanyie Ngabu hivyo. Tate alikataa kila mara kwa maneno yale yale.

"Unataka nimuweke mutoto mu udongo, naye iko anatembea? Unataka nimuue na mikono yangu?"

Kwa hiyo kila jioni alimpakulia. Palikuwa na sahani ya bati yenye ukingo wa buluu, sahani ya Ngabu, na ndani yake aliweka bugali na mboga, akaifunika kwa jani la mgomba. Asubuhi kuku walikula. Mlango wa nyumba yake haukuwekwa kijiti usiku, ili mgeni asihangaike kugonga. Na kwenye matanga ya watu wengine alikaa nyuma kabisa, macho makavu, kwa hofu kwamba machozi yake yangemtafuta Ngabu huko aliko na kumshika. Wanawake wa Bule walimsema kwa hilo. Walisema ana moyo wa jiwe. Hakuwa mama wa marehemu, hakuwa mama wa mtu mzima aliye hai. Alikuwa katikati, na katikati hapo hapakuwa na mtu wa kukaa naye.

Nilikuwa bado katika madarasa ya chini ya shule ya misheni wakati wazungu wa serikali walipoamua kusimamisha sanamu. Ilitengenezwa chini ya kibanda nyuma ya ofisi ambayo Baba alifanya kazi ya planton, kupeleka karatasi mlango hata mlango. Baada ya masomo nilikwenda kutazama. Siku walipoipandisha juu ya jiwe, kamba iliteleza na mguu wa kushoto ukagonga ukingo. Kidole kidogo kilidondoka kama punje ya hindi.

"Umemuvunja kidole!" fundi mkubwa alipiga kelele. "Muzungu akiona, miye nitasema ni weye!"

"Akiona nini? Nani anahesabu vidole ya sanamu?" mwenzake akajibu, akakipiga teke kile kipande kikaingia majanini.

Na kweli mzungu hakuona.

Siku ya kufunua, shule nzima tulipangwa kwenye jua. Palikuwa na tarumbeta. Waliopigana vita walisimama mstari mmoja, nishani kwenye makoti ya kuazima, na wengi wao walikuwa hawana viatu, kama yule wa simenti. Kitambaa kilipoanguka tulipiga makofi. Kwenye jiwe palikuwa na maandishi ya Kifaransa, nami nilikuwa bado sijakifundishwa.

"Mwalimu, banaandika nini pale?"

"Soldat inconnu," mwalimu wetu alisema bila kugeuza kichwa. "Ni kusema, soda mwenye hajulikane." Soda kwetu ni askari.

"Hajulikane na nani?"

"Na mutu yote. Simama muzuri."

Hapa lazima nieleze jambo ambalo mtu wa mjini wa leo hawezi kulijua. Kule Bule, mbuzi aliyepotea akiokotwa alifungwa kwenye mkalitusi mbele ya ofisi ya shefu. Mtu wa shefu alipita sokoni akigonga chuma na kutangaza: "Mbuzi haijulikane! Mwenyewe akuje!" Mbuzi alikaa pale, analishwa, mpaka aliyempoteza afike, amwangalie masikio na kwato, aseme alama zake, apewe. Likizo zangu zote nilizipitisha huko, na kwangu neno hilo halikuwa na maana nyingine. Asiyejulikana ni yule ambaye mwenyewe hajafika.

Kwa hiyo sikuelewa kwa nini watu wanapiga makofi na kwenda nyumbani. Palikuwa na mtu amerudi kutoka vitani, amesimama njiani, hana wa kumchukua, na wao wanapiga makofi.

Tate aliposhuka na maharagwe mavuno yale, nilimkuta jikoni akichambua, ungo mapajani. Baba alikuwa kazini.

"Tate, kuko soda bamesimamisha ku njia. Hajulikane."

"Hajulikane namna gani?"

"Mwalimu amesema. Hakuna mutu anamujua. Bameandika na ku jiwe."

Mkono wake ulitulia juu ya maharagwe. "Ametoka wapi?"

"Ku vita. Ile ya Abisinia."

"Iko na sura ya batu ya wapi?"

"Ya batu yetu. Hana viatu."

"Na mwenyewe hajakuja?"

"Hajakuja. Iko anasimama tu."

Sikumwambia ni wa simenti. Sikumficha, sikuliona kuwa jambo la maana. Kanisani tulipiga magoti mbele ya Bikira Maria wa mbao, tukamwita Mama, na hakuna padre aliyewahi kutukatiza kutukumbusha mbao. Wakichonga mtu, mtu huyo yupo. Nani angechonga mtu ambaye hakuzaliwa na mtu?

Tate aliweka ungo chini. Alinawa uso, akafunga kitambaa kipya kichwani, kile alichokuja nacho kwa ajili ya misa ya Jumapili. Njia nzima alinishika mkono kwa nguvu mpaka vidole vyangu vikafa ganzi.

Sanamu ilikuwa na mlinzi, mzee mmoja aliyerudi vitani, tuliyemwita Kaporali. Alikuwa na kiti kifupi, fagio, na maoni juu ya kila mpita njia.

"Mama, rudi nyuma! Hapa haiko pahali ya kuanika maharagi."

"Sikuje kuanika. Nakuja kuangalia mutoto."

"Mutoto gani?"

"Huyu mwenye hajulikane."

Kaporali aliniangalia mimi, akamwangalia yeye, akacheka. "Mama, ule ni soda wa simenti."

"Naona. Na Maria wa kanisa ni wa mbao. Niachilie nipite."

Sijui ni nini Kaporali alikiona usoni mwake. Aliacha kucheka, akaondoa mnyororo uliozunguka jiwe.

Tate alizunguka jiwe polepole kama anavyozunguka mnunuzi asiyetaka kuonyesha kwamba anataka. Alitazama masikio. Alitazama mabega. Nilianza kuogopa, maana uso wake haukuonyesha kitu, na kama hakuwa yeye basi mimi ndiye niliyemtoa jikoni bure.

"Pua wameharibu," alisema mwishowe. "Na Ngabu hakukuwa murefu hivi."

"Amekula chakula ya serikali, Tate," nikasema.

Akainama kwenye miguu. Ilikuwa imerukiwa na matope ya mvua. Alifungua ncha ya kitambaa chake, akaitemea mate, akaanza kupangusa, kwanza mguu wa kulia, kidole kwa kidole, jinsi anavyopangusa mtoto kabla ya kumpeleka kwa watu. Kisha wa kushoto. Pale kwenye kidole kidogo mkono wake ulipita hewani.

Kila mtu kwetu alijua hadithi ya kidole cha Ngabu. Alikikata kwa jembe akiwa mdogo, akilima viazi, akakileta nyumbani mkononi kumwonyesha mama yake kama kitu alichookota.

Nilijua kilikokwenda kidole cha sanamu. Niliona kikianguka. Lakini akili ya mtoto haioni shida jambo moja kuwa na sababu mbili. Nilifikiri: kamba iliteleza ili kumkamilisha.

Tate aliweka kiganja juu ya mguu ule, akakiacha hapo.

"Ngabu," alisema. "Mbona unasimama mu baridi?"

Mtu fulani alikuwa ameshakimbilia ofisini, maana Baba alitokea akihema, kofia yake ya kazi mkononi, bado ameshika karatasi za kupeleka. Alisimama nyuma ya mnyororo. Baba yangu hakusoma sana, lakini planton anajifunza maneno ya ofisi; neno lile la kwenye jiwe alilijua vizuri kuliko mwalimu wangu. Hilo nalielewa sasa. Wakati ule niliona tu kwamba midomo yake ilifunguka kutaka kusema kitu.

"Ni mukubwa yako," Tate alimwambia bila kusimama. "Haumuone?"

Upepo ulipeperusha karatasi mkononi mwa Baba. Kaporali alikuwa anafagia mahali palipokwisha fagiliwa.

"Namuona, Mama," Baba akasema.

Tulipanda Bule na kifuko cha udongo kutoka chini ya jiwe. Baba alikata shina la mgomba, wakalivika shati la Ngabu ambalo nondo walikuwa wameshalianza, na ule udongo ukawekwa kifuani. Tulinyolewa sote. Na Tate akalia. Sijasikia tena kilio kama kile katika maisha yangu, na nimesikia vilio vingi katika mji huu. Wanawake waliomwita moyo wa jiwe walimshika mikono ili asijiangushe shimoni. Alilia miaka yote aliyojizuia, mpaka sauti ikaisha ikabaki mdomo tu.

Siku iliyofuata alilala mpaka jua likawa juu, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya. Jioni aliweka kijiti mlangoni. Na tulipokuwa tunaondoka alinipa ile sahani yenye ukingo wa buluu.

"Weye ndiye ulimuona," alisema. "Kulia ndani. Ni yako."

Nikala katika sahani hiyo utoto wangu wote.

Tangu hapo, kila aliposhuka Bunia, Tate alipeleka viazi vya kuchemsha na kibuyu cha maziwa kwenye sanamu. Alikaa kwenye ukingo wa jiwe akamweleza Ngabu habari za Bule: nani amejenga, ng'ombe wa nani amezaa, jirani gani amesogeza mpaka wa shamba. Wakati mwingine alicheka. Viazi aliviacha miguuni, na asubuhi havikuwapo, naye alifurahi: "Amekula." Mimi nilijua anayekula ni Kaporali, nilimwona akivimenya nyuma ya jiwe, lakini hilo nalo lilikuwa na sababu mbili.

Wavulana wa shule hawakuniacha.

"Baba mukubwa yako ni simenti! Kwenu munaoa na matofali?"

"Mwambie asogee kidogo, anatuzuia kivuli!"

Nilipigana nao. Mtoto mdogo anaweza kupigania kitu anachokiamini, na kurudi nyumbani ameraruka shati na ana amani. Shida ilikuja nilipoanza sekondari na kuacha kuamini, maana sasa matusi yale yale yalikuwa kweli.

Nilikuwa na shati jeupe, suruali ya buluu, na Kifaransa. Kifaransa hicho nilikipenda kama mtu anavyopenda kisu kipya. Nilitafuta kila mahali cha kukata. Neno inconnu nililijua sasa, na nililionea aibu, si kwa ajili ya Tate, nilimwonea aibu yule mtoto aliyekuwa mimi. Njia yangu ya shule ilipita pale pale, na mavuno yakifika nilizunguka kwa nyuma ya soko ili nisimkute Tate amekaa na kibuyu chake.

Siku moja sikuzunguka, kwa sababu nilikuwa na wenzangu na sikuweza kuwaeleza kwa nini nizunguke. Tate aliniona kutoka mbali. Aliniita kwa jina langu la nyumbani, lile ambalo watu wazima hawaitwi.

"Kuja umusalimie baba mukubwa yako! Unapita sawa mupagani?"

Wenzangu walicheka. Hawakucheka vibaya, mtu yeyote angecheka. Mmoja aliipigia sanamu saluti. Nikawaambia watangulie. Nilikaa karibu na Tate kwenye jiwe, na nilisema kwa upole, jambo ambalo nilijisifia kwa muda mrefu baadaye, kwamba nilisema kwa upole.

"Tate, huyu haiko Baba Mukubwa."

"Nini?"

"Haiko mutu. Ile neno, miye sikulisikia muzuri nikiwa mutoto. Haisemi banatafuta mwenyewe. Ni sanamu ya basoda bote benye balikufa na majina yao yalipotea. Walitengeneza tu mutu, mutu yeyote. Hata kidole, fundi alikivunja wakati ya kumupandisha. Niliona na macho yangu."

Aliendelea kumenya kiazi. Alimaliza kukimenya. Hakukiweka miguuni mwa sanamu. Alibaki nacho mkononi.

"Baba yako anajua?"

"Anajua."

"Tangu lini?"

Nikaanza kufunga kifungo cha shati langu jeupe.

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, au kwa ubishi, na kwa ubishi nilikuwa na hoja tele. Sikuwa nimejiandaa kwa swali. Alinigeukia kama mtu anayeuliza njia katika mji asioujua, akiwa na hakika kwamba kijana huyu mwenye shati jeupe, aliyesoma, anajua.

"Basi wangu iko wapi?"

Nilitazama jiwe. Nilitazama barabara. Kamyo moja ilipita, vumbi likatufunika sote watatu.

Tate alisimama, akatikisa maganda ya viazi kutoka kwenye kitambaa, akachukua kibuyu. Jioni ile hakula. Asubuhi, kamyo ya Bule ikiwa tayari imewashwa, alirudi kutoka mlangoni mpaka nilipokaa nikinywa uji.

"Nirudishie sahani," alisema.

Niliiosha. Nilimpa ikiwa bado inadondosha maji, naye akaifunga ndani ya nguo zake.

Kaporali nilimkuta wiki ile ile, amekaa, fagio mapajani. Nilitegemea anitanie kwamba nimemnyima chakula. Hakunitania.

"Miaka yote hii nilikuwa nakulaka viazi ya soda mwenye kufa," alisema, "na sikusema kitu. Weye haukukula hata moja, na umesema."

Baba hakunipiga, hakunigombeza. Lakini alikuwa na desturi ya kunipa barua na magazeti ya Kifaransa nimsomee jioni, akisikiliza kwa fahari ambayo hakuweza kuificha. Aliacha. Alipeleka kwa mtoto wa jirani.

Tate hakushuka tena Bunia. Maharagwe aliyatuma na watu. Nilipanda kumwona likizo moja, nikakuta sahani iko kwenye kona yake, jani juu yake, na mahali tulipozika shina pamelimwa, maharagwe yamechanua. Alinipokea vizuri, alinipa maziwa. Hatukulizungumza. Alipokuwa anakufa, waliokuwa naye wanasema hakusema mengi, isipokuwa aliomba mlango usiwekwe kijiti. Nilifika kwa mazishi nikaukuta wazi, na kuku wamelala ndani.

Sanamu yenyewe haikudumu sana baada yake. Katika moja ya misukosuko yetu, nyingi mno kuzipambanua, watu waliiangusha kwa kamba. Vipande vilibebwa kwenda kujaza misingi ya nyumba. Nilikwenda kutafuta mguu wa kushoto, nikiwa mtu mzima mwenye mke na mtoto, nikageuza mawe kama mtu aliyepoteza funguo. Walikuwa wameshauchukua.

Nimeandika haya yote nikijua kwamba nilikuwa na haki mara moja tu katika habari hii, na ndiyo mara ninayoijutia.

Mke wangu anaitwa Mama Dezire. Dezire alikuwa kijana wetu wa kwanza. Bunduki zilipoushika mji, miaka ile ambayo kila mmoja wenu anaijua bila mimi kuitaja, alitoka kwenda kuchukua baiskeli yake kwa rafiki, mtaa wa pili. Wako wanaosema alipandishwa kwenye gari pamoja na vijana wengine, akapewa bunduki. Wako wanaosema alionekana Irumu, amevaa mavazi ya jeshi. Hakuna aliyesema amekufa. Tunakaa Rwambuzi, na Rwambuzi si mahali pa kulala bila kufuli, lakini mlango wetu wa uani haujafungwa kwa kufuli tangu siku ile. Mara moja waliingia wezi. Mama Dezire alisikia hatua, akakaa kitandani, akaita jina la mtoto wake kwa sauti ya furaha. Wezi walikimbia.

Juzi waliondoa mabati. Nilirudi nyumbani nikanyamaza, lakini habari haihitaji mimi. Mama Dezire aliisikia sokoni, penye meza yake ya makayabo, samaki wa chumvi.

"Bananiambia soda amesimama kule," alisema. "Twende."

"Kufanya nini?"

"Kuangalia."

Tulikwenda asubuhi, kabla pikipiki hazijajaa. Huyu wa sasa ana viatu, na kofia ya chuma, na simenti yake bado ina yale mabaka meusi ya unyevu. Fundi wake ana mkono mzuri kuliko yule wa zamani, pua haikuharibika. Mama Dezire alizunguka jiwe polepole. Alitazama masikio. Alirudi nyuma hatua moja, akainua mkono kama anayepima urefu wa mtu dhidi ya mlango, akaushusha.

"Baba Dezire, weye unajua kusoma. Bameandika nini?"

Nilivaa miwani. Maandishi yalikuwa ya Kifaransa, mistari kadhaa, juu ya bamba jeusi linalong'aa. Nilisoma polepole, lile neno likiwamo, safari hii kwa wingi. Nilifika mwisho nikarudi mwanzo. Niliona uso wangu kwenye bamba, na nyuma yangu wake, unangoja.

"Imeandikwa," nikamwambia, "mwenyewe akuje."

Alifungua ncha ya kitenge chake, akaitemea mate, akainama, akaanza kupangusa vumbi kwenye viatu.